Piga hodi kwanza: namna ya kuongea na askari wa ndani unapoishi na DID

Karibu kila wiki naulizwa swali lilelile na wenzangu wanaoishi na DID (kwa Kiingereza dissociative identity disorder), hali ya nafsi ya mtu kugawanyika, wakawa kadhaa ndani ya mwili mmoja. Dada mmoja wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale aliniandikia usiku: "Kuna mmoja ndani yangu ananiharibia kila kitu. Nikipata kazi ananitoa, nikipata rafiki anamtukana. Nimfukuze vipi?" Kijana wa Arua aliuliza hilohilo wiki mbili baadaye, kwa hasira zaidi. Nimejibu ujumbe mmoja mmoja kwa muda mrefu, sasa naandika yote mahali pamoja.

Jibu langu ni kwamba hafukuziki, na hata angefukuzika ungebaki huna mlinzi. Anachokosa ni habari. Aliwekwa getini siku ya hatari, wewe ukiwa mtoto, na hakuna aliyerudi kumwambia kwamba hatari ilipita na mwenye nyumba alishahama. Bado anakesha. Kazi yako ni kumpelekea habari, polepole, kwa heshima, mara nyingi kuliko unavyodhani itahitajika.

Mimi si daktari. Ni fundi cherehani hapa Mbarara, Uganda, mwili wetu una miaka 34, na ndani tuko kadhaa. Kabla ya kupewa jina la hali hii niliitwa mwenye kifafa, mwenye mapepo, na mwongo. Haya ninayoyaandika nimeyafanya mwenyewe nikiwa na mshauri pembeni, na baadhi niliyakosea kwanza.

Nadharia nitaigusa kidogo tu. Mtoto mdogo akiumizwa tena na tena, tena na mtu anayemtegemea, nafsi yake haipati nafasi ya kukua ikiwa moja. Mzigo hugawanywa: huyu abebe maumivu, yule aende shule kana kwamba hakuna kitu, mwingine alinde. Zamani Wamarekani waliiita hali ya kuwa na watu wengi ndani ya mmoja. Jina likabadilishwa mwaka 1994, ikaitwa DID. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kwa hiyo mtu akikuambia umejitungia, usipoteze nguvu kubishana naye.

Wale wanaolinda nawaita askari, kwa sababu ndivyo wangu alivyojiita. Kushika mwili, yaani mmoja wa walio ndani kuuongoza kwa wakati huo, nakuita kushika zamu.

Kabla hujaanza

Tafadhali usikimbilie hatua ya kwanza. Ukikosa haya, ahirisha.

Mhudumu wa afya ya akili, hata kama utamwona mara moja kwa mwezi. Hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara, Gulu, Arua, Masaka na Fort Portal zina kitengo cha afya ya akili. Kampala kuna hospitali ya akili ya Butabika, ambayo imekuwepo tangu 1955 na ina kliniki ya wagonjwa wa nje. Si lazima ulazwe, wala si lazima uwe umeokotwa barabarani ndipo uende. Ukiwa kwenye makazi ya wakimbizi, uliza mashirika ya ushauri nasaha, TPO Uganda likiwa mojawapo. Mwombe mhudumu aangalie kifafa pia. Kupoteza muda, yaani saa kupita usizozikumbuka, na kuanguka kunaweza kuwa kifafa, na kifafa kina dawa zake. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kuhusu vidonge: hakuna kidonge cha DID yenyewe. Vinavyotolewa ni vya usingizi, vya huzuni, vya hofu. Vinasaidia, na usiviache ghafla kwa sababu mmoja wenu wa ndani havitaki. Hilo nalo ni jambo la kumwambia mhudumu.

Usalama wa leo. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao. Kama anayekuumiza bado ana ufunguo wa nyumba unayolala, askari wako yuko sahihi. Usimwambie atulie. Kwanza mtafute mtu wa kukusaidia kutoka: ndugu unayemwamini, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) kama ni mtu wa haki, dawati la familia na watoto kituo cha polisi. Kwa mtoto iko namba ya bure, 116. Mwongozo huu utakusubiri.

Kaunta buku la jalada gumu na kalamu. Simu hapana. Simu huazimwa, huibwa, na watu hupekua. Kaunta buku langu linakaa chini ya vitambaa vya wateja, mahali ambapo wote ndani tunapajua.

Mtu mmoja wa nje anayejua. Mmoja anatosha. Kwangu ni shangazi. Hajui yote, ila anajua kwamba nikimpigia na kusema "shangazi, niambie leo ni siku gani," anatakiwa kujibu bila kuuliza maswali.

Kitu chenye ladha au harufu kali: tangawizi mbichi, limau, mafuta ya kuchua. Na dakika 15 za mchana. Usiku waache walale, maana kwa wengi wetu mabaya yalitokea usiku.

Hatua zenyewe

1. Jirudishe leo.

Keti, nyayo zote mbili zikigusa sakafu. Sema kwa sauti jina lako, tarehe, mwaka, mji, umri wa mwili. Tafuna kipande cha tangawizi. Taja unavyoviona na unavyovisikia: boda inapita, jirani anatwanga karanga, pazia la bluu. Ukishindwa kutaja mwaka bila kusitasita, ishia hapo kwa leo. Hujashindwa. Hiyo ndiyo kazi ya leo, na kesho utairudia.

2. Mtambue kwa kazi yake.

Wengi wanadhani askari ni yule mkali tu. Mkali ni rahisi kumwona. Wapo wengine: anayekufanya usihisi chochote, mwili ukawa kama gogo, anayefuta sentensi mdomoni unapokaribia kusema jambo, anayekulaza usingizi katikati ya kikao na mshauri, anayekuambia wewe ni takataka ili usijaribu kitu, usije ukaaibishwa tena. Yupo hata mcheshi, anayegeuza kila swali kuwa mzaha. Ukikutana na tabia inayokuudhi ndani yako, jiulize: hii ingenisaidia nini nilipokuwa mdogo? Jibu likija haraka, umempata.

3. Piga hodi, msalimu, mpe pole ya kazi.

Hapa wageni wote wanakosea, nami nilikosea. Ukurasa wangu wa kwanza niliuandika hivi: "Wewe ni nani na kwa nini unaniharibia maisha?" Asubuhi nilikuta ukurasa umechanwa vipande vidogo vya ukubwa wa kucha, vimepangwa mezani kwa mstari ulionyooka.

Fikiria umefika kwa mtu Kampala au kijijini, huketi, humsalimii, unaanza kumhoji. Nani atakujibu? Sisi hatuna desturi hiyo hata kwa mwuza nyanya. Waganda wana salamu moja ninayoipenda kuliko zote, gyebale ko, ambayo ni kumshukuru mtu kwa kazi anayofanya, hata kama humjui. Kiswahili tunasema pole na kazi. Ndiyo salamu ya askari. Nilipoandika mara ya pili niliandika mistari mitatu:

"Hodi. Pole na kazi. Najua umekesha muda mrefu, sikukushukuru. Huna haja ya kujibu."

Nikafunga kaunta buku. Ilichukua siku 11. Kisha nikakuta neno moja kwa herufi kubwa, kalamu imekaribia kutoboa karatasi: "NIMEONA."

Kama anaonekana mkubwa kuliko wewe, mwamkie kwa heshima ya mkubwa. Kama ni mtoto aliyevaa ukali wa mtu mzima, na wengi ndivyo walivyo, usimwite mtoto mpaka aseme mwenyewe. Usimpe jina. Usimwite "pepo", "shetani", wala "yule mbaya", hata unapomzungumzia kwa mwingine, kwa sababu anasikia.

4. Uliza kuhusu kazi, usiulize kuhusu yaliyopita.

Maswali yanayofaa mwanzoni ni machache: Unalinda nani? Unaogopa nini kitatokea ukipumzika? Ni kitu gani nikifanya kinakuletea wasiwasi? Ungependa nisifanye nini wiki hii?

Swali lisilofaa ni "nini kilitokea?" Liache. Najua unataka kujua. Mapengo kwenye kumbukumbu yanatesa, na unahisi ukijua yote utapona. Wanaotibu hali hii huenda kwa awamu tatu: kwanza usalama na utulivu, pili kumbukumbu zenyewe, tatu kuishi pamoja kama mtu mmoja au kama jamaa wanaoelewana. Sisi hapa tuko awamu ya kwanza, na awamu hiyo inaweza kuchukua miaka. Kumbukumbu zikifunguliwa kabla ya wakati, askari atafunga kila mlango, na mara nyingine atakuwa amekuokoa kwa kufanya hivyo. Mimi mwenyewe sitaeleza hapa yaliyonipata, wala wewe usimweleze mtu kwa sababu tu ameuliza.

5. Mpe habari za leo.

Ningekuwa na ukurasa mmoja tu, ningeandika hatua hii peke yake.

Baada ya wiki kadhaa za salamu niliandika: "Unadhani sasa ni mwaka gani?" Jibu lilikuja siku hiyohiyo: "2001. DARASA LA NNE." Nilikaa na karatasi ile mapajani mpaka chai ikapoa. Kumbe wakati wote alipokuwa ananitoa kwenye vikao vya kanisa, anamfokea mwenye nyumba, ananificha chooni mlango ukigongwa, alikuwa anamlinda mtoto wa miaka 10. Kwa mtoto wa miaka 10, yote yale yalikuwa na maana.

Sasa usimwambie "umekosea". Mwonyeshe. Nilianza na mikono. Niliiweka juu ya meza nikasema, tazama, hii ni mikono ya mtu mzima, hili ni kovu la sindano ya cherehani, tulilipata tukiwa kazini kwetu wenyewe. Kisha kitambulisho cha taifa: soma mwaka wa kuzaliwa, hesabu. Kisha kioo, kwa kifupi sana, kwa sababu wengine ndani hushtuka kuona uso usio wao. Halafu tukazunguka nyumba. Huu ni mlango wetu. Kodi tunalipa sisi. Hili ni kufuli letu, na ufunguo uko shingoni mwetu kwenye kamba. Yule mtu hana ufunguo. Yule mtu hajui mtaa huu.

Nikavuta kufuli kumwonyesha kwamba limefunga. Kisha mkono wangu ukalivuta mara ya pili, kwa nguvu zaidi, na mara ile ya pili sikuipanga mimi. Alikuwa anahakikisha mwenyewe. Nikangoja. Akavuta mara ya tatu, akaachia, na mabega yangu yakashuka kwa namna ambayo sikuwahi kuyahisi yakishuka.

Kesho yake alikuwa amesahau. Ndiyo, rudia. Rudia kama unavyomfundisha mgeni njia ya kwenda sokoni. Mimi nilirudia mzunguko wa kufuli kila jioni kabla ya jua kuzama kwa zaidi ya miezi minne. Habari hii inapaswa kufika kwa wote walio ndani, na wengine wako mbali, hawaisikii mara ya kwanza.

Angalizo: mwambie yaliyo kweli tu. Usimwambie "hakuna mtu atakayetuumiza tena", kwa sababu hujui. Mwambie: "Leo, hapa, hakuna anayetuumiza. Na mimi sasa ni mkubwa, naweza kuondoka, naweza kupiga kelele, naweza kwenda polisi." Ukimdanganya mara moja, atakumbuka kuliko kweli zako kumi.

6. Fanyeni makubaliano madogo yenye mwisho.

Askari haamini ahadi kubwa. Anaamini kitu kinachopimika. Yangu ya kwanza yaliandikwa hivi: "Mimi nitakagua kufuli mara mbili kabla ya kulala, na taa ya sola itabaki inawaka. Wewe utaniruhusu niongee na mshauri Alhamisi kwa nusu saa. Ukiona hatari, nipe ishara ya kidole gumba, nitanyamaza." Ilipofika Alhamisi, kidole gumba kikaanza kutetemeka dakika ya ishirini. Nikanyamaza papo hapo, ingawa nilikuwa katikati ya neno. Kunyamaza kule kulinipatia imani nyingi kuliko miezi ya maneno.

Makubaliano yawe ya wiki moja. Yaandikwe. Ukiyavunja wewe, omba radhi kwa maandishi siku hiyohiyo. Akiyavunja yeye, uliza alichokiona kabla ya kulaumu.

7. Mbadilishie kazi, usimwachishe.

Usimwambie askari "sasa huhitajiki". Kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na maisha mengine, unamwambia afe. Mtafutie kazi ileile kwa njia ya leo.

Siku moja, Old Taxi Park, kituo cha matatu cha Kampala, kondakta alinishika mkono akinivuta kwenye gari lake. Nilichokumbuka baada ya hapo ni Nsambya, jua linazama, sapatu moja imekatika, pochi iko lakini mfuko wa uzi niliokuja kununua haupo. Usiku niliandika: "Pole na kazi. Leo uliona nini?" Akajibu: "ALINISHIKA. NIKATUTOA." Kazi ilikuwa nzuri. Namna ndiyo ilinigharimu uzi na saa tatu za maisha yangu. Tukakubaliana: mtu akitushika, yeye anitumie joto la kifuani, mimi nitavuta mkono na kusema kwa sauti "niachie". Nikishindwa, hapo achukue zamu, lakini anipeleke mahali tulipopachagua, duka la mama mmoja wa vitambaa tunayemfahamu, na abaki na mzigo mkononi. Tuliifanyia mazoezi nyumbani kwanza, mara nyingi, mimi nikijishika mkono mwenyewe na kusema neno lile.

Anayefuta maneno mdomoni anaweza kupewa kazi ya kuchagua nani aambiwe nini. Anayekuzima hisia anaweza kuwa wa kupunguza sauti badala ya kuizima, kama unavyopunguza redio. Anayekutukana mpe kazi ya kukagua mshono kabla mteja hajaja. Jicho lake ni kali, litumie. Wangu wa kukagua mishono ameniokolea wateja wengi.

8. Anayeongea kwa sauti ya mtesi wako.

Yuko ndani ya wengi wetu, na ndiye anayetisha kuliko wote. Ana sauti ya yule mtu, maneno ya yule mtu, hata kikohozi chake. Anasema unastahili kuumia. Wengine wanaamini mtesi mwenyewe ameingia ndani yao.

Hakuingia. Huyu ni sehemu yako, na kwa kawaida ni mtoto aliyegundua kwamba akimtisha mwenzake wa ndani kabla mtu mzima hajafika, mwenzake atanyamaza, na kipigo kitapungua. Alivaa nguo za mtesi ili kuwazuia ninyi msifanye kosa. Na hajawahi kuzivua.

Utaratibu wake ni uleule wa hodi, pole na kazi, habari za leo, isipokuwa kwa mambo mawili. La kwanza, usimfikie peke yako; hatua hii ifanyike mhudumu wako akijua. La pili, kuna sheria moja isiyojadiliwa: mwili hauumizwi, wala mtu mwingine haumizwi. Mweleze sababu, maana hasira yake mara nyingi inasahau jambo dogo: mwili ni mmoja. Wengine kama yeye wanaamini kabisa wana mwili wao, kwamba mwingine akifa wao watabaki. Mwonyeshe kovu lile la sindano, muulize kama naye anaona mkono huohuo. Wangu alikaa kimya siku mbili baada ya swali hilo.

Pamoja na hayo, punguza hatari kwenye nyumba. Dawa za shamba, na vidonge zaidi ya vya wiki moja, vikae kwa mtu wako wa nje. Usiviache nyumbani ukitegemea makubaliano.

9. Kikao cha ndani.

Hii ifuate baada ya miezi, si wiki. Fumba macho, au yaache wazi, na fikirini mahali pa kukutania: sisi tunakaa chini ya mwembe. Agenda moja, dakika kumi. Asiyetaka kuja asikilize kutoka mbali. Askari akae panapomwezesha kuona njia. Wangu hakai chini mpaka leo, husimama mgongo kwenye shina. Watoto wa ndani wasilazimishwe kusimulia chochote.

Makosa ninayoyaona kila mara

La kwanza ni kusema "si mimi, ni yule". Inaweza kuwa kweli kwamba hukumbuki. Bado ni mikono yenu. Askari wangu alimfokea mteja mbele ya watu, akatupa gauni lake chini. Sikuwa na kumbukumbu hata ya sura yake. Nilikwenda kwake, nikaomba msamaha, nikarudisha shilingi 15,000 za ushonaji. Usiku nikamwandikia askari, bila kelele, kwamba tumelipa, sote. Hajatupa nguo tena.

La pili ni kumwita askari ili watu wamwone. Ndugu wanaomba, "hebu mwite tumsikie." Wengine wanawasha kamera ya simu. Kataa. Yule amejenga maisha yake yote juu ya kutoonekana.

La tatu ni waragi, pombe kali. Inanyamazisha kwa saa chache, na inamfungulia zamu yule ambaye mngependa apumzike.

Mwisho, kupendelea. Usimwandikie mtoto wa ndani kurasa tano za upendo na askari mstari mmoja wa amri. Wanasoma kaunta buku lilelile.

Yakikwama

Kila aya inaanza na lalamiko ninaloletewa, kisha jibu langu. Hajibu kabisa. Endelea kusalimia mara mbili kwa wiki, mistari miwili, bila swali. Wengine hawaandiki. Angalia majibu ya mwili: joto, kidole, wimbo unaojirudia kichwani, rangi unayovutiwa nayo sokoni. Unaweza kumwekea penseli za rangi.

Kichwa kinapasuka kila nikianza. Kwa wengi ni dalili kwamba wawili wanagombea zamu. Acha, kunywa maji, jirudishe leo, na uandike: "Nimesikia, leo basi." Kikiendelea siku nzima kapime, malaria nayo ipo.

Napoteza muda zaidi tangu nianze. Unakwenda mbio. Rudi hatua ya kwanza kwa wiki mbili, usiulize chochote, na mwambie mhudumu wako.

Mhudumu hajawahi kusikia DID. Inatokea. Usibishanie jina. Mwandikie kwenye daftari lako la hospitali mambo anayoweza kuyashika: napoteza saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, nakuta vitu nisivyokumbuka kununua, sauti nazisikia ndani ya kichwa na zinajibizana. Sheria ya Afya ya Akili iliyopitishwa 2018 imechukua nafasi ya ile ya zamani ya 1964, na unayo haki ya kutibiwa kwa heshima. Omba rufaa kama hamuelewani.

Mchungaji, au shehe, anasema ni pepo litolewe. Sitakukataza sala, mimi mwenyewe ninasali. Lakini jua jambo hili. Daktari wa akili Marjolein van Duijl alifanya kazi hapahapa Mbarara, na mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa watu 119 waliotambuliwa na waganga wa jadi kuwa wamepagawa, wakilinganishwa na 71 wasiopagawa. Waliopagawa walikuwa na dalili nyingi zaidi za fahamu kujigawa, na walikuwa wamepitia mateso mengi zaidi. Kwa hiyo anayekuombea na anayekutibu huenda wanatazama kidonda kimoja. Mwombe mchungaji mambo mawili tu: asikushike, na asipaze sauti "toka!" Askari alizaliwa kwa ajili ya watu wanaoshika na kupaza sauti. Atanyamaza kanisani, watu watashangilia, na atarudi usiku akiwa amefunga milango yote uliyoifungua kwa mwaka mzima. Sala ya kimya, mkono ukiwa mbali, wangu anaikubali. Amewahi hata kuandika "AMINA."

Mume wangu anamwogopa. Mpe mume sentensi tatu za kusema, asiongeze: "Pole na kazi. Uko nyumbani kwenu, ni mwaka fulani. Sitakugusa." Asogee upande ambao mlango unabaki wazi.

Anasema atatuua. Amini anachosema, usimpime. Funga kaunta buku, toka nje mahali penye watu, mpigie mtu wako wa nje, na mwende hospitali ya rufaa iliyo karibu usiku huohuo, hata kama ni kwa boda. Ukifika sema wazi: "Nina mawazo ya kujiua na siwezi kuhakikisha usalama wangu." Sentensi hiyo inafahamika kila hospitali. Habari za walio ndani zitaelezwa kesho.

Amechoka, anaomba kulala. Siku hiyo itakuja kwa baadhi yenu, na mtashtuka. Wangu aliandika hivyo mwaka jana, kwa herufi ndogo, mara ya kwanza kuandika kwa herufi ndogo. Usifanye sherehe, na usimpe kwaheri. Muulize akiwa amelala nani atashika kufuli, mpangiane, na mwambie jinsi utakavyomwamsha mkihitaji. Sisi tulikubaliana nigonge meza mara tatu. Sijagonga bado, ila kila jioni navuta kufuli mara mbili, na yule mwenye jicho la mishono anasimama nyuma yangu akihesabu.